Hiyo "APR-19-10" si siku randa yako ilipozaliwa

Fundi, unauliza kama randa ya kampuni ya Stanley uliyoiona sokoni Kibuye, Kisumu, ni ya 1910 kweli, maana muuzaji anakuonyesha "APR-19-10" na anataka shilingi elfu nane. Hiyo ni tarehe ya hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi), 19 Aprili 1910. Inakwambia tu kwamba randa haikutengenezwa kabla ya hapo. Ingeweza kutoka kiwandani miaka kadhaa baadaye.

Mwombe akuruhusu ufungue kisu. Pangusa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usiguse msasa, utakula herufi. Ukikuta "Made in England", hadithi ya 1910 imekwisha: Stanley walianza kuunda randa Sheffield mwishoni mwa miaka ya 1930. Ikiwa ni Record, chapa nyingine ya Uingereza, hesabu kuanzia 1931.

Chapa ya kwenye kisu usiitegemee sana, visu hubadilishwa. Yangu ya Nakuru ina mwili wa Record na kisu cha Stanley, na inakata mvule kama siagi.

Kwa elfu nane, mimi ningelaza rula chini ya tumbo lake kwanza. Mwanga ukipita katikati, mrudishie mwenyewe.