Bakteria hawaimalizi kadimiamu

Ndugu, umeuliza kama bakteria wa udongo wanaweza kula kadimiamu, ile metali nzito yenye sumu, mpaka iishe. Hapana, wanaikamata tu. Ukuta wa seli yao una chaji hasi, kadimiamu ina chaji chanya, basi inanata pale nje. Hata bakteria aliyekufa huinasa. Kadimiamu nyingine hupenya ndani ya seli kupitia milango ya kuingizia zinki na manganizi, maana inafanana nazo, kisha hufungwa na protini zenye salfa nyingi. Seli ikioza, sumu inarudi udongoni, na hili ndilo watu wanalisahau! Zebaki, ile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo wa Geita, ni habari nyingine: baadhi ya bakteria huigeuza ikapaa kama mvuke. Hapo imehamia hewani tu.