Badala ya sukari kwenye keki, anza na tende

Dada umeuliza uweke nini kwenye keki badala ya sukari, na asali huitaki maana huli kitu chochote kinachotokana na wanyama. Mi ningekwambia anza na tende. Toa kokwa, loweka kwenye maji ya moto kama dakika 15 hivi, alafu saga na maji kidogo mpaka iwe laini kama siagi ya karanga, isibaki na vipande. Utamu upo wa kutosha na nyuzinyuzi zake zinabaki humohumo, ndo maana naipenda kuliko zote. Ila keki inatoka nyeusinyeusi na nzito kidogo, kwa hiyo kama ni biskuti za kukauka haitakufaa.

Ndizi zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi nazo poa, punguza tu maziwa ya mimea maana zenyewe zina maji, na oveni ishushe kidogo juu pasiungue. Sukari ya nazi watu wanaisifia sana lakini jamani ile bado ni sukari, kalori karibu zilezile, usimimine tu. Na kama una kisukari, hata hiyo keki ya tende kula kipande kidogo.