Tao limepata ufa katikati. Je, tuongeze nondo?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Kijijini kwetu Rungwe tuna daraja dogo la tao la zege, mita 6 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Fuso za ndizi na viazi zinapita juu yake kila siku. Tangu masika yaishe kuna ufa chini ya tao, katikati kabisa, umekata upana wote wa daraja. Fundi wetu anasema nondo zilikuwa chache. Anataka tuchange, amwage zege lingine juu lenye nondo za milimita 16, kisha ufa auzibe kwa saruji. Itatosha?

JIBU: Marahaba. Haitatosha, na huo mchango usitishwe kwanza.

Swali hili naletewa kila masika yakiisha, linabadilika jina la kijiji tu. Na kila mara dawa ni ileile: nondo. Fundi akiona ufa popote, kwenye ukuta, kwenye tangi la maji, kwenye tao, anaagiza nondo na mifuko ya saruji kabla hajainama kutazama chini.

Nyie watu wa Rungwe mna mwalimu karibu. Nendeni mto Kiwira mkalitazame Daraja la Mungu. Mwamba wa volkano umevuka mto, haukuwahi kuona nondo hata moja, na watu wanapita juu yake. Umesimama kwa sababu huku umebanwa na huku umebanwa, na vinavyoubana havisogei. Tao hubebwa na miguu yake. Miguu ikiachana hata kidogo, katikati hushuka, na upande wa chini hupasuka palepale mnapopaona. Fukueni kifusi kidogo karibu na miguu, nina hakika kiasi kwamba mtakuta ufa mwingine huko, huo ukiwa upande wa juu wa tao.

Hebu tupige hesabu ambayo fundi wenu hakuipiga. Tuseme tao limeinuka mita 1.5, na kila mita ya mraba inabeba tani 3 ukijumlisha zege lenyewe, kifusi na gari. Zidisha tani 3 kwa 6 mara 6, gawa kwa 8 mara 1.5. Unapata tani 9. Hizo haziendi chini, zinausukuma mguu kwenda nje, na ni kwa kila mita moja ya upana. Daraja likiwa na upana wa mita 4, ni tani 36 kila upande. Wale mafundi wanaopenda tao lililolala, eti gari lisipande kilima, wakishusha kimo hadi sentimita 75 msukumo unakuwa mara mbili.

Sasa ongeza dawa ya fundi wenu. Zege la sentimita 20 juu ya tao ni karibu nusu tani kwa mita ya mraba. Msukumo unapanda kwa kama tani moja na nusu kwa kila mita ya upana, juu ya miguu ambayo tayari imeshindwa. Mtakuwa mmechanga pesa ili daraja lianguke mapema.

Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alianzia miguuni. Mwaka 1908, kabla ya kujenga madaraja yake ya mto Allier, alijenga tao la majaribio la mita 50 lenye kimo cha mita 2 tu. Tao lililolala namna hiyo lina msukumo wa kutisha, kwa hiyo aliifunga miguu miwili kwa nyaya za chuma zilizovutwa zikakaza, isiachane. Baadaye daraja lake la Le Veurdre lilianza kushuka katikati, polepole. Safari hii zege lenyewe lilikuwa linafupika chini ya mzigo, jambo ambalo wahandisi wa wakati ule hawakulielewa. Hakupiga plasta. Aliweka jeki katikati ya matao, akayainua, akajaza zege.

Kwenu, anzeni na kipande cha kioo chembamba. Kibandikeni kwa plasta kuvuka ufa, andikeni tarehe pembeni. Kikipasuka, ufa bado unatembea. Pigeni msumari kwenye kila mguu na mpime kati yake kwa futi ya chuma kila wiki. Fuso zisipite. Kisha tazameni chini ya miguu: udongo wenu wa majivu ya volkano ukilowa haushiki, na nina wasiwasi vijana wanachota mchanga hapohapo. Msingi ukiwa umeliwa, unachimbwa na kujazwa zege kipande kwa kipande, kamwe si wote kwa siku moja. Halafu sakafu ya zege chini ya mto, iliyofunga mguu kwa mguu. Huko ndiko nondo zinakotakiwa! Ufa unazibwa mwisho, na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wilayani awe ameshafika.

Na nyie mnaotaka kuanza daraja jipya, tao linamwagwa zege kutoka miguu yote miwili kwa pamoja, likutane juu. Mirunda inalegezwa kuanzia katikati kushuka pande zote mbili. Niliwahi kuitwa mkoani Njombe, mwezi wa Julai, kwenye tao ambalo fundi alilivua siku ya saba kwa sababu mbao zilikuwa za kukodi. Kwa baridi ile zege lilikuwa bado changa. Ukilikwaruza kwa msumari linatoka unga. Alianza kuvua mguu mmoja. Nilikuta upande huo umebonyea na upande wa pili umetuna, na mirunda iliyobaki imejipinda. Mwenyewe alikuwa juu anapiga niru.

Kioo kikipasuka, nitumieni picha za chini ya tao na za miguu yote miwili. Nyingi ninazoletewa ni za kingo zilizopakwa rangi.