Maswali Yenu: Kuendesha Gari kwa Maandishi

*Habari za kazi. Hapa Sinza tunacheza mchezo wa vita wa maandishi unaofuata sheria za BattleTech, ule mchezo wa mezani wa mashine za vita. Nikiwa heksa 10,20 (heksa ni kipande cha ramani chenye pembe sita) nataka kwenda 16,14. Ni sita kulia na sita juu, kwa hiyo naandika heading 45, yaani amri ya kuelekea nyuzi 45 toka kaskazini, lakini naishia pembeni. Nakosea wapi?*

Nzuri, ndugu yetu. Unahesabu heksa kama miraba ya daftari, na heksa zimepachikana kama sega la asali. Kwenda kaskazini au kusini, toka katikati ya heksa hadi katikati ya inayofuata ni mita 30. Kwenda mashariki, toka safu hadi safu ni mita 26 tu. Safu sita ni mita 156, na heksa sita za kaskazini ni mita 180. Piga hesabu ya pembe upate nyuzi 41.

Nyuzi nne si kitu ukiwa unasogea heksa mbili. Safari yako ni ya mita 238, na mwisho wake umeshahama karibu mita 17, wakati toka katikati ya heksa hadi ubavuni ni mita 15. Umeegesha kwa jirani.

Acha kukadiria. Andika kwanza bearing 16 14, mchezo ukutajie nyuzi, ndipo uandike heading. Ukifika nusu ya njia, uliza tena bearing na urekebishe. Na wenzako wakumbushe kwamba namba ya pili huongezeka kuelekea kusini; wageni wengi hupotelea hapo.

*Shikamooni wahariri. Katapila langu (gari la minyororo) likiwa kasi nikaliambia ligeuke, linaenda kwanza mbele na kuingia pabaya. Je, seva ni nzito? Msomaji, Mbagala.*

Marahaba. Seva usiilaumu. Ukiandika heading 180 gari halipinduki hapo hapo. Linageuka kidogo kidogo, na huku linaendelea kutembea. Spidi ya kilomita 64.8 kwa saa ni heksa sita kila sekunde kumi, yaani mita 18 kwa sekunde. Kona ikichukua sekunde tano tu, umeshakula mita 90, heksa tatu nzima. Kama mbele yako kulikuwa na heksa mbili za uwazi kisha ziwa, umezama.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Andika speed 21, subiri namba ya spidi ishuke kweli kwenye skrini (nayo hushuka taratibu), ndipo utoe heading mpya. Gari likishanyooka, ongeza. Kwenye lami kuwa mwangalifu zaidi: kukata kona kwa mwendo wa juu huko ndiko kunakoleta kuserereka, na gari linaweza kugonga jengo.

*Gari gani lipite wapi?*

Katapila hupita vichaka vyepesi, msitu mzito linakataa, na maji yenye kina pia. La matairi ni la barabarani na uwandani. Vichaka, mawe na kifusi vyote vinalizuia. Linaloelea juu ya hewa hukatiza ziwa bila shida, ila mti wowote ni ukuta kwake. Mwinuko wa ngazi moja, mita 6, yote matatu yanaupanda. Ngazi mbili kwa mpigo hapana.

*Nacheza kwa simu kwenye mwendokasi kutoka Kimara. Mtandao ukikata, nikirudi nakuta gari limeshapigwa. Nifanyeje?*

Mtandao ukikata, wewe ndiye uliyetoka. Gari limebaki uwanjani likifuata amri ya mwisho. Kama ilikuwa speed 64, linakwenda 64 hadi lipate kikwazo au adui. Kabla ya sehemu unayojua mtandao unasumbua, jifiche nyuma ya kilima na uandike speed 0. Ukirudi, amri ya kwanza iwe contacts, uone nani yuko karibu, kisha tactical uone ardhi, na mwendo baadaye.

Zima pia masahihisho ya maneno kwenye kibodi ya simu. Kibodi ikikubadilishia heading kuwa neno jingine, mchezo utakujibu kwamba haujaelewa, na wewe ukiandika upya gari linazidi kusonga. Programu nyingi za kuchezea hukuruhusu kufupisha amri: weka h kwa heading na s kwa speed. Ile s 0 ndiyo breki yako, ijaribu uwanja ukiwa mtupu kabla hujaingia vitani.