Taa ya mbele haikuvunjika, mguu wa shemeji ndio ulivunjika: usichomelee pleti mbele ya shokapu

Mkuu, mpigie simu fundi wako sasa hivi umwambie azime mashine. Kama pleti ameshazikata, zikae hapo chini.

Nimesoma ulichoandika mara mbili na mara zote mbili tumbo limenikata. Umenunua Subaru Impreza GC8, unataka kuingia rali za hapa nyumbani, na fundi amekushauri azivishe chasisi mbili za mbele (zile reli za bati kulia na kushoto kwa injini) pleti ya milimita 5 kuanzia kwenye bampa mpaka ukuta wa injini, lile bati linalotenga injini na chumba cha watu, halafu achomelee viungo vyote vya bodi mfululizo ili "gari liwe kipande kimoja". Wewe unauliza ipi bora, milimita 5 au 6, gari litaongezeka uzito kiasi gani, na viti utavifungaje. Hilo la kwanza jibu lake ni sifuri. Milimita sifuri.

Mimi nilikuwa na GC8. Niliambiwa maneno hayo hayo, na aliyeniambia ni fundi ambaye mji mzima unamsifia mkono. Na shida nilikuwa nayo kweli: bodi ilikuwa imeshapasuka upande wa kushoto, pale juu shokapu inapofungwa, ufa umeanzia kwenye tundu la boliti ukashuka kama mstari wa kalamu. Ukifunga boneti unaona pengo la kulia limebana, la kushoto limeachia. Bodi ya gari la kwendea kazini ukiirusha kwenye barabara ya vumbi msimu mzima lazima ichoke, hilo halina ubishi. Nilipomwuliza tufanyeje, akagonga chasisi kwa spana, ikalia bati, akasema, "Unasikia? Bati tupu hili. Hapa tunatia chuma." Nikaamini. Mtu aliyeshika mashine ya kuchomelea anaaminika haraka sana.

Akatia chuma. Kila chasisi aliizungushia pleti pande tatu kwa urefu wake wote, na mbele akaziunganisha zote mbili kwa bomba zito nyuma ya bampa. Kazi ilikuwa safi, mshono umelala vizuri, kapaka na rangi nyeusi juu. Nikapiga picha nikatuma kwenye makundi yote, watu wakanipongeza. Na gari lilikuwa gumu kweli: ukipiga jeki kona moja, tairi mbili zinanyanyuka pamoja.

Miezi mitatu baadaye tuko Korogwe, ndani ya mashamba ya mkonge. Hata mashindano hayakuwa, ilikuwa siku ya majaribio. Msoma ramani wangu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Kona ya kulia baada ya kilima kifupi, vumbi la gari lililotutangulia halijatua, nikachelewa kushika breki. Gari likateleza, likaacha barabara, likaenda kugonga mwembe pua kwa pua. Nakadiria tuligonga kwa 50 hivi, maana nilikuwa nimeshashuka gia ya pili. Ajali za namna hiyo kwenye rali watu hushuka, wakajipangusa vumbi, wakaanza kuulizana nani ana kamba ya kuvutia.

Mimi nilishuka. Shemeji hakushuka.

Nikazunguka upande wake. Taa ya mbele kushoto nzima, kioo hakina hata mkwaruzo. Bampa lina kibonyeo cha ukubwa wa sahani. Boneti imefungwa sawasawa. Nikafungua mlango nikamkuta ameshika paja kwa mikono miwili, hasemi kitu, pumzi anaivuta tu haitoki. Lile bati la kuegemeza miguu lilikuwa limepanda na kurudi nyuma, limebana kiatu chake cha kushoto, na kiatu kilikuwa kimeelekea upande ambao kiatu hakielekei. Ilituchukua dakika arobaini kumtoa. Kifundo kilivunjika sehemu mbili, na mkanda ulimvunja mfupa wa begani. Mpaka leo ana vyuma kwenye kifundo na hawezi kuchuchumaa. Ana miaka 31.

Gari lilipovutwa mpaka gereji, fundi akaja kulitazama. Akaigonga ile taa kwa ukucha, ti ti ti, akasema, "Umeiona kazi? Hata taa haijavunjika." Anatabasamu. Alikuwa hajasikia habari za shemeji, sawa, hilo namsamehe. Lakini alipoambiwa, alisema hiyo ni bahati mbaya ya mtu, gari lenyewe limehimili. Na waliosimama pale wakaitikia, eti kweli limehimili. Nina hasira na siku ile mpaka leo, na ndiyo maana naandika kwa ukali hivi, mnivumilie.

Taa ILITAKIWA kuvunjika! Taa, rejeta, bampa, boneti, nusu ya zile chasisi, vyote vilitakiwa kuwa chuma chakavu ili mguu wa mtu upone. Rejeta nanunua Kariakoo. Kifundo nanunua wapi?

Piga hesabu mwenyewe, ni ya shule. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 13.9 kwa sekunde. Pua ikikunjika sentimita 60 kabla gari halijasimama, mwili unabebeshwa kwa wastani mara 16 hivi ya uzito wake. Uinyime kukunjika, gari lisimame ndani ya sentimita 20, inakuwa mara 49. Kwa mtu wa kilo 70, mkanda ulikuwa ushike kama tani moja na ushee, sasa unashika tani tatu na nusu kasoro kidogo. Mwendo ule ule, mti ule ule. Ulichoondoa ni zile sentimita 40 tu.

Hiyo ni nusu ya madhara. Mguu wa shemeji ulivunjwa na nusu nyingine, na hii ndiyo mafundi wengi hawaijui: chuma ulichokaza hakikunjiki, kwa hiyo kukunjika kunahamia pale ulipoishia kukaza. Chukua tochi uingie chini ya gari lolote ambalo halijaguswa, angalia ubavu wa chasisi za mbele. Magari mengi utakuta vibonyeo na matundu yaliyopangwa. Vimewekwa kiwandani makusudi ili chasisi ianze kukunjika pale na ikunjike kwa zamu, kutoka mbele kurudi nyuma. Fundi wangu alifunika vyote, na pleti yake ikaishia kwenye ukuta wa injini. Nilipokuja kukwangua rangi niliona kilichotokea: pleti imenyooka kama rula, na sentimita mbili baada ya mshono wa mwisho sakafu imejikunja kama mkeka uliosukumwa na mlango. Pale ndipo msoma ramani anapoweka miguu.

Na elimu hii si ya jana. Wazo la pua na mkia vinavyokunjika, katikati chumba kigumu, ni la mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz, na gari lao la kwanza kujengwa hivyo lilianza kuuzwa 1959. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru! Halafu mtu leo anakuuzia pleti kwenye pua ya gari anakuambia ni usalama.

Sheria yangu ni moja. Chukua chaki, chora mstari unaopita kwenye vichwa vya shokapu za mbele, na mwingine kwenye vichwa vya shokapu za nyuma. Chuma chote cha kuongeza kikae kati ya mistari hiyo miwili. Nje ya hapo usiongeze kitu, hata fundi akikupa bure. Najua mtauliza kinga ya chini ya injini: ifungwe kwa boliti kwenye krosimemba, kile chuma kilichokingama chini ya injini, isije ikawa reli ya kuunganisha bampa na sakafu.

Ndani ya mistari, tumia chuma kwa akili. Pale shokapu inapofungwa juu pakazwe kwa bati jembamba lililokatwa kufuata umbo la bodi na kulala juu yake. Mimi nilikuja kutumia milimita 2 na ufa haukurudi. Kule ndiko mzigo wa kuruka na kutua unakopigia, kwa hiyo papaunganishe na roli keji, lile fremu la mabomba linalozunguka chumba cha watu, kupitia ukuta wa injini. Viungo vya bodi visichomelewe mfululizo. Kwangua rangi na gundi mpaka chuma king'ae, choma sentimita mbili na nusu, ruka nne au tano, na uhamehame, kulia kisha kushoto, joto lisikae mahali pamoja. Vyangu vilichomwa mfululizo, na matokeo yake mlango wa kushoto ukawa haufungi mpaka uunyanyue kwa goti, na mashindano ya pili bati likapasuka pembeni ya mshono, kwa urefu wake wote, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike. Bati lililopikwa pembeni ya mshono halina ule mnyumbuliko tena. Kwenye GC8 bado una nafuu, gari la miaka ya 90. Mwenye gari jipya asithubutu kabisa kuchomelea nguzo ya katikati ya milango bila kujua chuma chake, kwa sababu magari mengi ya sasa yana chuma kilichokomazwa kiwandani kwa moto, na ukikipasha tena kinalainika.

Roli keji ndiyo pa kumwaga pesa. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, wanataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi: upinde mkuu, ule wa nyuma ya viti, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Akikuletea bomba la maji akakuambia bomba ni bomba, rudisha. Kila kiungo kichomwe kuzunguka duara zima. Fundi atakuambia juu karibu na paa mkono haufiki. Unafika: anatoboa sakafu chini ya miguu ya keji, anaishusha, anachoma juu, anaipandisha, ndipo anaziba kwa pleti. Asipotaka kufanya hivyo hajui kazi hiyo, tafuta mwingine.

Na milango, tafadhali, milango. Mwaka 2005 kwenye rali ya Uingereza, Michael Park, msoma ramani wa dereva Markko Märtin, alifariki baada ya Peugeot yao kugonga mti kwa ubavu upande wake. Ubavuni huna sentimita 60 za kukunja, una upana wa mlango tu. Kwa hiyo kule ndiko kwenye haja ya mabomba ya kupishana, na sponji ngumu ya kumeza pigo kati ya bomba na mtu. Wapo waliotoka salama kwa sababu chumba kilibaki chumba: dereva Ott Tänak na msoma ramani wake Martin Järveoja kwenye rali ya Monte Carlo ya 2020 waliruka nje ya barabara kwa mwendo wa karibu 180 wakabingirika bondeni. Hyundai yao ilichakaa yote, wao walitoka wenyewe.

Kuna watakaokuja hapa chini kusema wao wamefunga pleti mbele miaka kumi na hawajaumia. Nawaombea waendelee hivyo. Kama shida yako ni gari la kugonga mti na kuendelea na safari, nunua katapila.

Sasa, hizo pleti za milimita 5 zisikutie hasara. Mwambie azikate vipande vya sentimita 12 kwa 10. Hizo ni sentimita za mraba 120, na ndicho kipimo cha chini cha FIA kwa sahani za miguu ya roli keji. Unene wanataka kuanzia milimita 3, wewe unayo 5. Zichomelewe kwenye sakafu na kingo za milango kabla ya keji kusimama. Mguu wa keji ukikaa juu ya sakafu tupu, gari likibiringika unatoboa bati kama kisigino kwenye boksi.

Tupia picha za chini ya gari kabla hajaanza, piga ukiwa umelala mbele ya bampa, kamera ielekee nyuma, chasisi zote mbili zionekane. Kama ameshachoma hata kipande kimoja, piga karibu pale mshono unapoishia. Nipo mpaka saa sita usiku.