Maswali na majibu: Turubai la boti lisigeuke karai la maji

Safari hii nimekusanya maswali ya wenye boti ndogo zinazolala nje.

Turubai langu ni jipya na nimelikaza pande zote, lakini kila mvua ikinyesha linabonyea katikati. Ninunue zito zaidi?

Hapana, hela yako itapotea. Turubai kazi yake ni kumwaga maji, si kuyabeba. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 10 tu lina kilo 100. Kitambaa gani kitastahimili hapo?

Kinachokosekana ni paa. Simamisha nguzo tatu kwenye mstari wa katikati, kisha laza juu yake mti mmoja mrefu kutoka omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma), kama mwamba wa nyumba. Mteremko usipungue nyuzi 30. Boti yenye upana wa sentimita 160 inataka mwamba ulio juu ya ukingo kwa sentimita 46 hivi. Ukiongeza, bora zaidi. Halafu weka fito kutoka kwenye mwamba hadi ukingoni, maana turubai hubonyea pia katikati ya nguzo na nguzo. Ukimaliza, mwagia ndoo ya maji na uangalie. Yakisita mahali, hapo ongeza ufito.

Mbao au bomba la plastiki?

Vyote viwili. Bomba hupindika vizuri, kwa hiyo lifanye matao ya pembeni. Lakini usilifanye mwamba: likikaa juani hulegea na kupinda. Mwamba uwe wa mbao.

Nguzo zikae wapi?

Juu ya kipande cha ubao kipana, na ikiwezekana pale penye taruma, yaani mbavu za boti. Mimi niliwahi kusimamisha nguzo moja kwa moja juu ya sakafu ya faiba. Baada ya usiku mmoja wa mvua nikakuta ufa mwembamba kama unywele umeizunguka nguzo ile. Uliniuma sana ufa ule, kwa sababu ubao wa kiganja kimoja ungeuzuia.

Nikifunua nakuta uvundo na madoa meusi, ingawa mvua haiingii.

Unyevu umefungiwa ndani. Acha tundu mbele na nyuma, juu kabisa chini ya mwamba, upepo upite. Kama boti iko nchi kavu, inua omo kidogo na uchomoe kizibo cha tezi, ili maji yanayopenya yasikae ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti.

Turubai linatoboka kwenye pembe za fremu.

Piga randa kila ukingo mkali, zamisha vichwa vya skrubu, kisha pasua mpira wa zamani wa kumwagilia kwa urefu na uuvishe kwenye mwamba. Likaze pia, kwa sababu linalopigwapiga na upepo hujisaga lenyewe.

Naweza kufunga kamba kwenye fremu?

Usifanye hivyo. Upepo ukiingia chini utang'oa vyote pamoja. Pitisha kamba chini ya boti, au zifunge kwenye trela.

Je, nikiivuta barabarani na fremu yake?

Fungua fremu kwanza. Hii ni ya boti iliyotulia. Ndiyo maana viungo vyake napenda vifungwe kwa bolti, si misumari.