Fearg: hasira ya Kiayalandi haikai ndani yako, inakaa juu yako

Mtoto wangu anasoma shule ya msingi hapa Galway, Ayalandi, na Kiayalandi ni somo la lazima, kwa hiyo kila jioni homuweki iko mezani, nikaona siwezi kukaa tu naangalia, nikaanza kujifunza nae. Hisia ndo zilinisumbua sana. Neno lenyewe ni fearg, yaani hasira, usilisome lilivyoandikwa, wanatamka kama "farag", wanachomeka sauti kati ya r na g kama sisi tulivyochomeka u kwenye burashi.

Mi nikaandika tá mé fearg, maana najua tá ni "kuwa" na mé ni "mimi". Mwalimu akairudisha. Kumbe nilikuwa napitia Kiingereza! Kwao unasema tá fearg orm, hasira iko juu yangu. Hiyo orm ni "juu" na "mimi" vimeungana, wewe ni ort, yeye mwanaume air, mwanamke uirthi, sisi orainn, nyie oraibh, wao orthu. Jamani hayo saba yashikeni kwanza, ukiyajua umepata na huzuni, tá brón orm, ndo wanayoombea samahani kila siku, umepata njaa, tá ocras orm, na kiu, na mpaka mafua, tá slaghdán orm.

Waswahili wenzangu, pitieni kwetu. Si tunasema hasira zimenipanda, mafua yamenishika? Wao wanasema tháinig fearg orm, hasira ilinijia. Na kama sisi, hawana kitenzi kama "have" ya Kiingereza, sisi tuna "nina", wao wana agam, "kwangu". Upendo ndo unakaa huko, tá grá agam duit, upendo ninao kwa ajili yako. Hili linanigusa mno, upendo unao mwenyewe, hasira imekukalia tu.

Ukimwambia mtu umemkasirikia ongeza leat, yaani "nawe", tá fearg orm leat, nimekukasirikia. Neno ni la kike, so hasira kubwa ni fearg mhór, hiyo mh ni v au w kutegemea eneo, na ukitanguliza an, kama "the" ya Kiingereza, inakuwa an fhearg, f inapotea kabisa, unasikia "an arag" tu. Hili litakuja taratibu, msiliogope.

Juzi mtoto karudi kanuna, begi kalitupa mlangoni, nikamuuliza kama wanavyouliza watu wa huku, céard atá ort, nini kiko juu yako mwanangu? Akanijibu neno moja, fearg, akaja kukaa karibu yangu.